Bibi wa Gangilonga Aliyekataa Kupona

Nimestaafu. Hakukuwa na keki wala saa ya ukutani, maana fundi wa matangi ya samaki akistaafu Iringa, idara nzima imestaafu. Kiuno ndicho kilichoandika barua. Miaka yote hii nimepandisha ndoo za maji ya chumvi kwenye vilima vya mji huu, mpaka kiuno kikasema basi, mama, tafuta mjinga mwingine. Wamepatikana watatu, ndio ninyi, na mmeniomba niwaandikie uzoefu wangu. Haya. Msitegemee siri ya mafanikio. Ningekuwa nayo nisingeandika kwenye daftari lililolowa.

Sikuanza na samaki, nilianza na chupa. Nilikuwa binti wa Kinyakyusa kutoka Uyole, nina cheti cha maabara, nikapata kazi ya kupima maji kwenye kiwanda cha karatasi kule Mgololo. Siku ya kwanza niliingia na viatu vya kisigino, nikijua nitakabidhiwa darubini. Nikakabidhiwa brashi. Mkuu wangu, Mzee Mwasomola, alinipa chupa za sampuli nioshe, na nilipomaliza akazinusa moja baada ya nyingine, akanirudishia zote nizioshe upya. Nilikula miezi miwili na ile brashi. Nyumbani waliponiuliza kazi gani naifanya nilijibu "sayansi", na sikuwa nimedanganya sana.

Mzee Mwasomola hakuwa mtu wa kusifia. Ukimletea majibu ya vipimo hakuangalia namba, alikuuliza umechota saa ngapi, umesimama wapi, na nani alikuwa karibu anafanya nini. Mimi nilimwona mzee msumbufu. Alikuwa akisema maji hayana uongo, mwongo ni yule aliyekwenda kuyachota. Nililiandika neno hilo ukurasa wa kwanza wa daftari langu, nikalipigia mstari kwa wino mwekundu, kisha nikaishi maisha yangu kama vile sijalisikia.

Baadaye nilihamia Mbeya mjini, na huko ndiko samaki waliponipata. Mzee Karim, muuza vyombo vya ndani, alikuwa na tangi la samaki dukani ili wateja wakae kidogo kabla ya kukataa bei. Siku moja pampu ilikufa mimi nikiwa nachagua sufuria. Niliitengeneza kwa kipande cha mpira wa baiskeli, akanipa sufuria bure, na wiki iliyofuata akanipeleka kwa shemeji yake mwenye tangi kubwa zaidi. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa, kama hilo ni neno sahihi. Baada ya muda nilikuwa na wateja Mbeya na Iringa: hoteli, daktari wa meno, na mabosi kadhaa waliotaka wageni wao waamini kwamba wamefika ng'ambo.

Wateja ni watu, na watu ni mtihani. Hoteli moja waliosha tangi kwa sabuni ya unga kwa sababu meneja mpya alipenda usafi. Vioo viling'aa. Samaki nao waling'aa, matumbo juu. Bosi mmoja aliweka perege kwenye tangi la sebuleni, na kila nikienda ananiuliza wako tayari lini. Mwingine aliwapa ugali, kwa hoja kwamba wamezaliwa Tanzania. Mtavumilia. Ukimgombeza mteja anakuita una kiburi, ukimnyamazia anakuita hujui kazi, kwa hiyo chagueni jina mnalolipenda.

Matangi ya maji ya chumvi yenye matumbawe yalikuwa manne tu katika mikoa yote miwili. Kwa wale ambao bado mnadhani tumbawe ni jiwe la urembo: ni mnyama. Juu ana nyama laini, chini ana mfupa wa chokaa anaoujenga mwenyewe polepole, na ana mdomo, anakula. Akifurahi anajaza nyama na kutanuka kama andazi. Akiumia nyama inarudi nyuma, mfupa unabaki mweupe nje, na mfupa ulioachwa wazi kwa kawaida haufunikwi tena kwa maombi peke yake.

Tangi nililolipenda kuliko yote lilikuwa hapa Iringa, mtaa wa Gangilonga, kwa Mzee Kikoti. Huyu Mhehe alikuwa dereva wa malori, alipita barabara ya Dar mpaka Tunduma hadi ikamchoka yeye. Alipostaafu, badala ya kununua ng'ombe kama watu wenye akili, alinunua tangi. Tumbawe lake alilipata kwa mtu wa Dar anayeyaotesha kwa kibali, akalileta kwenye kipozea soda, kilichofungwa mkanda kiti cha mbele. Lilikuwa la kijani, ukubwa wa bakuli la mboga, na alilipa jina la Bibi. Akikupokea mlangoni alisema Bibi ameamka vizuri, au Bibi amenuna leo. Mkewe, Mama Kikoti, mwalimu mstaafu, alisema amezaa naye watoto watano na hajawahi kuulizwa ameamkaje.

Kisha Mzee akapata kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vikalegea, maneno yakawa yanatoka moja moja, kwa kuchelewa, na watu wakaanza kummalizia sentensi. Siku anarudishwa kutoka hospitali, vijana wa mtaani waliingiza kitanda sebuleni kwa nguvu zote za upendo, chuma cha kitanda kikagonga stendi ya tangi. Ndani, jiwe likaporomoka likamchana Bibi ubavuni. Nilipoitwa nilikuta jeraha la urefu wa kidole, nyama imening'inia, mfupa uko nje. Mzee alikuwa amelazwa hatua mbili kutoka kwenye kioo, uso umeelekea huko, na machozi yalikuwa yanamtoka jicho moja tu, lile zima.

Mama Kikoti alinivuta hadi barazani. Alisema madaktari wamemwambia Mzee anahitaji kitu cha kumfanya atake kuamka kesho, na kitu chenyewe mimi ninakijua kilipo. Kisha akaniambia polepole, kwa sauti ya mwalimu, "Mdogo wangu, yule Bibi akifa, wewe ndiye utakayemwambia. Mimi sitaweza."

Basi nikaanza kutibu, na hapa naandika kwa faida yenu. Jeraha la tumbawe usiliache kwenye mwanga wala mkondo mkali, kwa hiyo nilimhamishia Bibi kona yenye kivuli na maji ya polepole. Nilimwogesha kwenye maji ya tangi lenyewe yenye matone ya iodini, dakika chache tu. Uchafu kwenye kidonda niliupuliza kwa sindano kubwa ya mifugo niliyonunua Uyole, bila ncha yake, na niwaambie hakuna kifaa cha bei kubwa kilichowahi kuishinda hiyo sindano. Nilimlisha uduvi uliolainishwa, nikiuweka juu ya mdomo wake kwa kibanio. Kila Alhamisi saa nne asubuhi nilifika, nikapima chumvi, joto, chokaa na pH, yaani kiasi cha uchachu wa maji, namba ikishuka uchachu umezidi, nikaandika. Kidonda safi cha namna ile, maji yakiwa mazuri, huanza kufunga ndani ya wiki tatu.

Wiki tatu zilipita. Bibi hakufunga. Nyama iliendelea kurudi nyuma, mstari mweupe ukapanuka.

Nikawa mpelelezi. Nilimshtaki samaki wa bluu kwamba anamng'ata mgonjwa, nikamfunga kwenye ndoo wiki mbili bila kesi. Akatoka amenenepa, hana hatia. Nikaishtaki chumvi, nikabadilisha. Nikaishtaki Tanesco, kama raia yeyote mwema, lakini umeme wiki hizo ulikuwa na adabu ya kushangaza. Binti wa kazi nilimhoji kuhusu dawa ya mbu mpaka akalia, na naomba radhi hapa, kwa kuchelewa. pH ilikuwa chini kidogo, saba nukta tisa, ilhali nilitaka nane na zaidi. Nikajieleza kwamba asubuhi huwa hivyo kwenye tangi lolote, taa zikishawaka itapanda, na maelezo yangu yalinipendeza mno.

Nyumba yenyewe sikuishtaki, ingewezekanaje? Nilipokuwa nikifika kila Alhamisi, madirisha yote yako wazi, mapazia yamefungwa vifundo, sakafu inanukia sabuni. Upepo wa Julai wa Iringa unapita sebuleni kama uko kwao. Mzee amevalishwa koti na kofia, amekalishwa vizuri kwenye kochi, chai iko mezani na chapati zimefunikwa. Nilikuwa namwambia Mama Kikoti kwamba nyumba yake ina hewa safi kuliko hospitali. Alicheka kwa aibu kidogo, na mimi nikaitafsiri aibu ile kuwa unyenyekevu.

Na Mzee nilimwamkia, msije mkafikiri sina malezi. "Shikamoo baba," nasema nikiwa tayari nimeinama kwenye kioo, naye anajibu "marahaba" baada ya muda, mimi mkono uko majini hadi kwenye kwapa. Kisha naanza kuongea na Bibi. Umelalaje, Bibi? Leo kunaumia wapi? Mbona umenuna? Nilikuwa nafanya makusudi, ili Mzee afurahi. Alikuwa anasinzia. Mama Kikoti alisema siku hizi analala sana, na kichwa kinamsumbua, na chakula hakitaki, ndiyo kiharusi hicho. Nikatikisa kichwa kwa huruma. Nikaandika saba nukta tisa.

Mwezi Agosti Bibi alibaki nusu. Nilifanya mazoezi ya namna ya kumwambia Mzee, nikiwa natembea peke yangu, watu wakinitazama. Sikupata maneno. Mimi ambaye nimewatangazia watu vifo vya samaki kwa miaka mingi, tena mbele ya watoto wanaolia, nilishindwa kutunga sentensi moja kwa ajili ya mzee anayelala.

Jumatatu moja nilikuwa nasafiri kwenda Mbeya kwa wateja wa huko. Nafungasha, naona kipimo cha pH hakipo. Nilikisahau kwa Kikoti Alhamisi iliyopita. Basi langu lilikuwa saa mbili na nusu. Saa moja asubuhi nikawa mlangoni kwao, sijapiga simu, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, kwa sababu kwetu mtu mwenye heshima zake haendi kwa watu asubuhi bila taarifa. Nikabisha hodi, sauti ya Mama Kikoti ikanijibu kutoka jikoni, nyuma ya nyumba. Nikasukuma mlango nikaingia.

Sebule ilikuwa imefungwa kama mtungi. Madirisha yamebanwa, nafasi za chini zimezibwa kwa khanga zilizokunjwa, chini ya mlango wa ndani kuna gunia. Katikati, karibu na miguu ya Mzee, kulikuwa na jiko la mkaa, mkaa umeshika vizuri, mwekundu, hauna moshi hata kidogo. Joto tamu. Na mimi, mtaalamu, nilifanya nini? Niliona kipimo changu juu ya kabati, nikakichukua, nikakitumbukiza kwenye tangi. Mazoea yana nguvu. Saba nukta tano. Nikasema kwa sauti kabisa, kumbe! Nilifurahi, naomba mnielewe, nilifurahi kama mtu aliyeshinda kesi. Hewa chafu ya mkaa inaingia kwenye maji, maji yanachachuka, Bibi anashindwa kujenga mfupa wake na kufunga kidonda. Nilikuwa tayari ninatafuta kalamu niandike.

Ndipo kichwa changu mwenyewe kikaanza kugonga, nikageuka kumtazama Mzee.

Kidevu kilikuwa kifuani, mate yanamtoka. Nikamwita, hakuitika. Nikamtikisa bega, macho yakafunguka nusu yakafunga tena. Jinsi nilivyolitoa lile jiko sijui, ila makovu ya vidole ninayo. Nikang'oa khanga, nikafungua madirisha, nikapiga kelele. Mama Kikoti akaja mbio na kijiko mkononi. Tulimburuta Mzee pamoja na mto wake mpaka barazani, kwenye upepo ule ule uliokuwa umezibiwa khanga, tukamkalisha anahema, na jirani akaita bajaji.

Njiani Mama Kikoti alikuwa anajitetea, ingawa hakuna aliyemshtaki. Alisema jiko linaingia jioni na linaingia tena alfajiri, tangu baridi ianze, maana upande uliopooza unakuwa wa barafu. Siku za Alhamisi analitoa mapema, anafungua madirisha tangu saa kumi na mbili, anapiga deki, kwa sababu fundi anakuja na si vizuri fundi akute mwalimu mzima amepika joto sebuleni kama kibandani. Nilimuuliza, kwa ukali ambao sikuwa na haki nao, kwa nini hakuniambia. Akanigeukia.

"Samaki wana hita yao, umewafungia wewe mwenyewe," alisema. "Mume wangu nimpe nini?"

Ilikuwa kweli. Lile tangi nililitunza kwenye nyuzi joto ishirini na tano usiku na mchana, lina hita mbili, moja ya akiba, na mwenye tangi alikuwa anatetemeka mbele yake amevaa masweta mawili.

Hospitali walimwekea oksijeni, na daktari akatugombeza wote wawili kama watoto wa darasa la pili. Alisema ile hewa ya mkaa haina harufu na haina huruma, na kwamba usingizi na maumivu ya kichwa ya wiki zote zile havikuwa kiharusi peke yake. Mtu alikuwa anawekewa sumu kidogo kidogo, kwa mapenzi. Alisema zingepita siku chache tu hivi... Hakumalizia, na hakuna aliyemuuliza. Mama Kikoti alilia kwenye benchi kwa sauti mpaka nesi akamletea chai. Basi la Mbeya liliondoka bila mimi.

Mzee alipona, kwa kadiri mtu wa umri wake anavyopona. Mtaani wakaanza kunisifu. Mama Samaki amemwokoa Mzee Kikoti, Mama Samaki alioteshwa. Kanisani nikashukuriwa kwa jina, na mimi nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu, kumbe nilikuwa nakificha. Niliyaokoa maisha ya mtu kwa sababu nilisahau kifaa. Huo ndio utaalamu wangu wote. Kama ningekuwa makini zaidi kidogo, nikakumbuka kurudisha kipimo mkobani, Mzee angekufa Jumanne au Jumatano, na Alhamisi saa nne ningekuta madirisha yako wazi.

Wiki mbili baadaye nilikwenda. Jiko sasa linakaa uani. Maji yanachemshwa huko, yanatiwa kwenye chupa, chupa zinafungwa kwa taulo na kuwekwa miguuni kwake, na dirisha moja halifungwi mchana wala usiku. Mzee alikuwa amekaa kwenye kochi, macho yamefunguka kweli, uso una rangi. Nikasema shikamoo baba, nikaenda moja kwa moja kwenye kioo, nikainama. Maji yalikuwa nane nukta moja. Pembeni mwa kidonda nyama mpya ilikuwa imeanza kutambaa juu ya mfupa, nyembamba kama utando wa maziwa. Nikaita, Bibi, umelalaje leo? Kumbe unaweza!

Nyuma yangu Mzee akaanza kusema kitu. Mama Kikoti akataka kummalizia, yeye akainua mkono wa kushoto kumzuia. Tukasubiri. Ilimchukua muda mrefu kuyapanga maneno, na nilidhani anataka kunishukuru, nikawa natayarisha uso wa kushukuriwa.

"Wiki zote zile," alisema, "ulikuwa... unamuuliza Bibi tu."

Hakuwa amekasirika. Alisema kama dereva anayekueleza ulipokosea njia. Mimi nilikaa chini, pale pale sakafuni, na mkono wangu unachuruzika maji ya chumvi, nikalia kwa aibu. Kichwa kilikuwa kinamuuma tangu Juni. Alilijua hilo, na alikuwa na mtu mbele yake kila Alhamisi mwenye daftari, kalamu na vipimo vinne, anayeuliza wapi kunauma, hatua mbili kutoka kwake, ila amegeukia upande mwingine. Nilimwamkia kila wiki. Shikamoo si swali, vijana wangu. Mtu anaweza kuijibu vizuri kabisa huku anakufa.

Nikavuta stuli mpaka mbele yake, nikampa tangi mgongo, nikamuuliza ameamkaje. Alinitazama kwanza, kuhakikisha kwamba swali ni lake. Kisha akaanza na goti.